Uso Chini ya Ugali

Stanslaus aliomba aongezewe ugali kwa mara ya tatu. Njaa ilikuwa imekwisha zamani. Shida ni kwamba jicho la kushoto lilishaanza kuchungulia.

Asiyejua atauliza, jicho gani tena kwenye sahani? Basi ni hivi. Wanafunzi wa shule moja pale Tinde walifinyanga sahani za udongo, na kabla hazijachomwa wakachora ndani yake, kwa ncha ya msumari, sura za wazee wa vijiji vya jirani. Siku ya chakula cha hisani kila mgeni alilipia sahani, akapakuliwa ugali wa mtama na mlenda wa karanga, akala, na sahani ikawa yake. Kitambaa kilichofungwa getini kiliandikwa: KULA, USAIDIE WASIO NA WA KUWALISHA.

Stanslaus hakualikwa na mtu. Alikuwa anatoka Geita kwenda Shinyanga mjini kutafuta kipuri cha karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu, akasikia harufu ya karanga, akasimamisha gari. Tumbo, jamani, ndilo lililomponza. Maana kwao ni hapohapo nyuma ya Tinde, na kila akipita barabara ile hupandisha vioo.

Aliponyofoa tonge la nne, sikio likatokea. Sikio la kushoto, ndewe imechanika mpaka chini. Tonge akalirudisha sahanini. Sikio lile alilichana yeye mwenyewe, akiwa mchanga wa kubebwa mgongoni, kwa kuvuta hereni. Mama yake alikuwa akiwaonyesha wageni huku anacheka: mtazameni mwizi wangu.

Leo wamemchora. Na nani huchorwa kwenye shughuli ya hisani kama si mwenye shida? Kumbe mama wa Stanslaus analishwa na watoto wa shule, na mwanawe ana gari lenye vioo vya giza.

Miaka minne hajakanyaga nyumbani. Mwaka wa kwanza duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, halikutoa hata punje ya dhahabu, akaona haya kurudi mikono mitupu. Mwaka wa pili duara likatema, akaona haya kwamba amechelewa. Haya ya pili ikazaa ya tatu, kama mbuzi, mpaka zizi likajaa. Hata laini ya simu akabadilisha.

Kando yake alikaa Mama Januari, muuza vitenge aliyehamia pale mwaka jana, mwanamke ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu abatizwe. Yeye alishamaliza kula, sasa anaigeuza sahani yake huku na huku. Wake alikuwa babu asiye na jino hata moja, akaitangazia meza nzima kwamba huyo ndiye mume aliyekuwa anamtafuta, kwa kuwa hawezi kumaliza nyama.

"Kaka," akamgeukia Stanslaus, "hebu funua na wako tumwone."

"Bado nakula, mama."

"Unakula au unafukia? Kila ukichimba kidogo, unarudishia udongo."

Meza ikacheka. Stanslaus akacheka nao, akauvuta mlenda wote ukafunike lile jicho. Kosa kubwa. Mlenda ulitelemka ukajaa kwenye mikunjo iliyochorwa na msumari, bibi wa watu akawa kama analia.

Hapo hamu ikamwisha. Alifikiria kuificha sahani ndani ya koti, akimbilie gari, akaitupe kwenye korongo lolote huko mbele. Mkono ukafika kwenye koti, ukagoma. Badala yake akausogeza ugali pembeni, akachota maji ya kunawa, akaanza kumwosha uso taratibu kwa kidole, paji, mashavu, na lile sikio. Mama Januari akanyamaza, jambo ambalo meza nzima ililiona.

Nyuma ya mabenchi walisimama wachoraji, kila mmoja akingoja mlaji wake amalize. Binti wa darasa la sita, Violeth, akasogea.

"Shikamoo baba. Umeipenda?"

"Marahaba." Stanslaus alijibu bila kuiachia sahani. "Chakula cha huyu bibi msimpelekee nyinyi. Nipeni mimi. Nitampelekea mwenyewe, leo hii. Ni mama yangu."

Violeth akamtazama, kisha akamtazama bibi wa kwenye sahani, kama mtu anayelinganisha pua.

"Hawa hawapelekewi chakula, baba. Hawa ndio waliotoa. Tunaolishwa ni sisi, ambao wazazi wetu wamekwenda machimboni hawarudi. Huo mtama uliokula ni wake. Alileta debe zima. Mwalimu akamsihi abakize kidogo nyumbani, akakataa. Alisema na yeye ana mtoto huko machimboni, miaka minne hajui kama anakula. Akasema akilisha watoto wa wenzake, huenda na wa kwake, huko aliko, akampata mtu wa kumgawia hata tonge moja."