Kokoto Sita za Fuko

Alikuwapo Fuko mmoja, fundi wa kuchimba asiyeambilika. Alitaka kupitisha handaki chini ya kiota cha Kanga ili avifikie viazi, tena juujuu, kwa uvivu wa kwenda chini zaidi.

"Bwana Fuko, nina mayai sita hapo," Kanga alimsihi. "Ardhi itatitia."

"Ngoja nikuonyeshe."

Fuko akatengeneza kielelezo cha mchanga: kilima kidogo, tundu katikati, na kokoto sita juu badala ya mayai. Kikabomoka mara tatu. Mara ya nne akaumwagia mchanga maji, kikasimama.

"Lakini mchanga wangu mimi ni mkavu," alisema Kanga.

"Wewe mwenye mbawa, mambo ya chini umeyajulia wapi?"

Kanga akarudi kuatamia. Fuko akachimba. Alipofika katikati alisikia mchanga ukishuka nyuma yake, taratibu, kisha kilio cha Kanga. Halikupona hata yai moja.

Fuko alirudi kwenye kielelezo chake apate la kujitetea. Jua lilikuwa limekwisha kukikausha. Alipopapasa juu hakugusa kokoto yoyote. Zote sita alizikuta ndani ya tundu.