Mwavuli Kwenye Ukuta wa Bhabatosh

Nirapada alikuwa amefika kwenye herufi ya mwisho ya jina la Bhabatosh. Chokaa aliyoipaka jana ilikuwa imekauka vizuri, na rangi ya bluu ilishika bila kuchuruzika. Alipiga mstari wa juu, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama kwa jicho moja, kisha akaunyoosha.

Ulikuwa wakati wa kujilaza baada ya wali wa mchana, na kichochoro kizima kilikuwa kimefunga madirisha. Nirapada hakuwahi kuja saa nyingine.

"Hiyo herufi ina kitambi," alisema Bhabatosh kutoka barazani, mguu wake mbovu ukiwa juu ya kigoda. "Watu watadhani mimi ndiye ninayekula pesa za barabara."

"Tulia, kaka. Naandika kuta tangu nina miaka kumi na saba."

"Na tangu hapo unaandika vibaya."

Nirapada alicheka mpaka akalazimika kuiweka brashi mbali na ukuta. Nyumbani kwake hakuna aliyemcheka tena tangu mkewe alipofariki. Juzi alisema kwamba ni Jumatano, kumbe Alhamisi. Wote waliokuwa sebuleni wakakubali kuwa ni Jumatano.

Ng'ambo ya kichochoro picha za mbunge wa jimbo zilibandikwa safu nzima, kila moja ikitabasamu. Nirapada alikuwa amezipa mgongo.

"Yule pale," Bhabatosh alisema, akizinyooshea kidole, "siku hizi usingizi anaupata?"

"Nasikia haupati."

"Mbona? Mara tano amenigaragaza."

"Labda ndiyo sababu."

Bhabatosh alisogeza bakuli la bisi za mchele zilizochanganywa na mafuta ya haradali na pilipili mbichi. Wakala kwa zamu, mkono huu na mkono ule. Kisha mzee akafuta midomo.

"Niru, rangi yako unaipoteza bure. Kesho saa tisa ndiyo mwisho wa kuondoa majina ya wagombea. Naenda kuliondoa langu."

Mkono wa Nirapada ulisimama juu ya bakuli.

"Vijana wangu wote wamehamia kwa yule wa pichani," Bhabatosh aliendelea. "Nani atanibandikia hata karatasi moja? Nimechoka kushindwa, ndugu yangu."

Wagombea wengine walikwisha kujitoa wiki iliyopita. Bhabatosh akijitoa, mbunge atapita bila kupingwa. Hapatakuwa na kura, wala mtu wa kupanda jukwaani na kumwita mwizi kwa jina lake na la baba yake.

"Usijitoe," Nirapada alisema. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. "Fanya hata mkutano mmoja. Sema habari za lile daraja lisilokwisha kujengwa. Sema zahanati haina daktari mwaka wa tatu huu. Hakuna mwingine anayeyasema."

"Na wewe unapata nini?"

Nirapada alirudi ukutani, akachovya brashi, akaanza kuchora mwavuli, alama ya Bhabatosh ya miaka yote. Aliuchora taratibu, ubavu mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiyetaka kumaliza.

Honi ililia mara mbili mwisho wa kichochoro.

Alifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akaisuuza brashi, akaiegemeza kando ya mkebe. Mwavuli ulikuwa bado hauna mpini.

"Nitaumalizia kesho, kabla ya saa tisa," alisema. "Nikukute hapa, kaka."

"Tutaona." Bhabatosh alimtupia taulo lake jembamba. "Futa na sikio, lina bluu. Haya, nenda, Mheshimiwa Mbunge. Watu elfu kumi wamekaa juani wanakungoja ukanitukane."