Kadibodi Chini ya Meza

Siku hizi mhandisi anayesaini msingi wa ghorofa lazima ahamie humo na familia yake. Mwakalinga alipima udongo kiangazi, ukiwa mkavu, akasaini. Masika yakaulainisha, na kila upepo ulipoisukuma ghorofa, nguzo za msingi ziliegama, udongo ukashindwa kuzizuia, na sakafu za juu zikainama.

Mkewe, Tumpe, alikunja kadibodi akaisokomeza chini ya mguu wa meza. "Baba Lusajo, fundi wa meza hii alikupunja."

"Fundi hovyo kabisa," akajibu, macho chini.

Mara jirani akapiga hodi. "Shikamoo, mhandisi. Meza yangu imelala upande. Mna kadibodi?"

Mwakalinga akamkatia kipande kinene bila kumtazama usoni.

"Asante, baba. Sisi tunapata usingizi kwa sababu nawe unalala humu humu."