Tisini na Tisa

Kioo cha uchunguzi kilimulika taya la Ndekia, kikatoa jibu lile lile la mwezi uliopita: uvimbe wa mfupa, wagonjwa waliosajiliwa nchini tisini na tisa. Kisheria, ugonjwa wenye wagonjwa chini ya mia haukuwa ugonjwa, na asiye na ugonjwa hapasuliwi.

"Nenda nyumbani, Mama Ndekia. Mtoto ni mzima," alisema daktari.

"Mzima gani anayekunywa uji kwa mrija?" Namsifu alimjibu, akamshika binti yake mkono wakatoka.

Mlangoni walikutana na jirani yao, Mama Elinihaki, amemleta kitinda mimba wake aliyefungwa shavu kwa kanga.

"Jino tu hilo, mwenzangu. Amezidisha miwa."

Namsifu alilitazama lile shavu. Miezi minane alikuwa akiuosha uvimbe kama ule kila asubuhi.

"Mpeleke kwenye kioo," alisema. "Sasa hivi. Lete mkoba nikushikie."

Kioo kilimulika, kikaandika kwamba wagonjwa wametimia mia moja.

Kigelegele kilimtoka Namsifu kabla hajakizuia. Mama Elinihaki, asiyejua kusoma kioo, aligeuka akacheka, naye akapiga cha kwake.