Kicheche Ajifunza Kuita Kuku

Ya Kicheche mmeyasikia? Njaa ilimpeleka kwa Kasuku, akafundishwe sauti ambayo watu huitia kuku.

"Ncha ya ulimi nyuma ya meno, kisha uiachie ghafla: ti-ti-ti!" Kasuku akamwambia. "Somo la pili, sauti ya kufukuza mbwa."

"La pili la nini, mwalimu? Mimi shida yangu kuku."

Jioni akajibanza nyuma ya banda, akaita kama mwenye nyumba hasa. Kuku wakaja mbio. Mbwa naye akaja, maana makombo yake humwagwa saa hiyohiyo. Kumwona anayeita, akamrukia.

Kicheche akatimka, ulimi unaning'inia. "Mwalimu! Hilo la pili!"

"Kwanza rudisha ulimi ndani, baba," akajibu Kasuku.