Indiketa ya Kulia

Ukungu ulikuwa bado umelala mlimani saa tatu asubuhi. Nyamizi alipandisha lori lake la chokaa taratibu, taa zikimulika chini, na nyuma yake gari jeusi la mheshimiwa lilikuwa likipiga honi tangu darajani. Kwenye barabara ile, dereva wa mbele ndiye jicho la wa nyuma: akiwasha indiketa ya kushoto, pita, ya kulia, tulia.

Nyamizi aliwasha ya kulia.

"Mpishe, dada, tutafukuzwa kazi," alisema Lubinza, mpakiaji wake.

"Kuna gari linashuka. Sikiliza."

"Lakini yule ni mkubwa!"

"Na aliyemgonga kaka yangu alikuwa mdogo?" Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita, na polisi waliandika kwamba baiskeli ya kaka yake haikuwa na taa. Ilikuwa nayo. Nyamizi ndiye aliyeifunga taa ile, kwa mikono yake mwenyewe.

Basi la wachuma chai likachomoza kwenye ukungu, limejaa watu, likapita kwa kishindo. Hapo ndipo alipowasha ya kushoto.

Gari jeusi likaja ubavuni, dereva akashusha kioo. "We mama, unajua umemzuia nani?"

"Namjua. Ndiyo maana nimemzuia."

Kioo kikapanda. Gari likachomoka na kuwasha taa kali, na ukungu wote mbele yake ukageuka ukuta mweupe. Nyamizi akakanyaga breki, akasimama, akaukodolea macho ule weupe akitafuta taa mbili nyekundu za nyuma ya gari lile.