Kiti Kitupu cha Bakoba

Saa nne na dakika sita asubuhi, kiti kilibaki kitupu kwenye kioo cha kompyuta.

Rosalina aliganda. Katika darasa la wanaoanza intaneti, hapa Muleba, alikwishajifunza kutofautisha tovuti ya habari na tovuti ya duka, na kutuma barua pepe. Leo lilikuwa somo la simu ya video, naye alikuwa na haja moja tu: kumwona mchumba wa mwanawe, binti aliyeko kata ya Bakoba, kabla hajaruhusu barua ya posa ipelekwe.

Alimwona kwa sekunde mbili, kisha binti akatoweka.

"Mtandao umekatika?"

"Haujakatika, mama," mwalimu alisema. "Tazama, pazia linapepea."

"Basi ameondoka bila kunisalimia! Huyo si mkwe, ni mpita njia."

Wanafunzi wenzake wakacheka. Rosalina akasogeza kipanya mpaka kwenye kitufe chekundu cha kukata simu, kama alivyofundishwa.

Ndipo sauti ya binti ikatoka kwenye spika, ikianza na salamu ya heshima ya kikwao: "Kasinge, mama. Shikamoo."

Rosalina aliinuka, akachungulia ukingo wa chini wa kioo kama anayechungulia kisima. Pale chini kabisa ya picha kilionekana kishungi cha nywele zilizosukwa, kimetulia tuli.

"Kumbe amepiga magoti kunisalimia!"

Akaachia kipanya. "Marahaba, mwanangu. Inuka basi, nikuone."

Kishungi kikapanda polepole, likafuata paji la uso, halafu macho yanayocheka.